Kujenga vichujio vya mchanga kijijini: mwongozo kwa vikundi vya kujitolea

Kila kikundi kinachoanza kazi hii huja na maswali yale yale. Mchanga wa ufukweni unafaa? Tukifunga koki kwenye bomba la kutolea kuna ubaya gani? Mbona maji ya kwanza yametoka yana rangi? Klorini tuweke juu ya mchanga au kwenye ndoo? Nimeyajibu kwa simu, kwa WhatsApp na chini ya miembe, sasa nayaweka pamoja.

Kichujio tunachokizungumzia ni lile sanduku la zege lenye kimo cha kama sentimita 90 na upana wa kama 30, lenye mchanga ndani na bomba jembamba linalotokea ubavuni. Muundo huu ulibuniwa na Dk. David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, miaka ya 1990, na CAWST, shirika la mji huohuo linaloshughulikia maji salama, hutoa michoro yake bure. Kwa hiyo usimlipe mtu anayekuuzia "siri" ya kukijenga.

Niseme mapema: kikundi kilichojenga vichujio vitano na kuvitembelea mwaka mzima nakiheshimu kuliko kilichomwaga 50, kikapiga picha na kuondoka. Zege ni kazi rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye kuosha mchanga na kurudi kubisha hodi.

Kwanza, yajue maji yenu

Kichujio hiki kinaondoa tope, mayai ya minyoo, amiba na sehemu kubwa ya bakteria. Hakiondoi chumvi. Hakiondoi floraidi. Kama uko Arusha, Manyara, Singida au kokote ambako watoto wana meno ya kahawia, mchanga hautawasaidia kwa hilo, na mkiwaambia watu kwamba maji sasa ni salama mtakuwa mmewadanganya. Vivyo hivyo kwa kijiji kilicho karibu na wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki, au shamba linalopuliziwa dawa na maji yakashuka kisimani. Peleka sampuli maabara ya maji kupitia ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Kiwango cha juu cha floraidi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi hapo, tafuteni chanzo kingine.

Hodi ya RUWASA ina faida ya pili: huenda kuna mradi wa bomba unakuja kijijini hapo mwakani, na jasho lenu lingefaa zaidi kijiji cha jirani. Baada ya hapo nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha umtafute mhudumu wa afya ya jamii. Huyu wa mwisho ndiye atakayebaki ninyi mkishaondoka.

Pima na tope. Jaza maji ya chanzo kwenye chupa angavu ya lita mbili, isimamishe juu ya gazeti, uchungulie kutokea mdomoni. Kama kichwa cha habari kinasomeka, maji yanaweza kwenda kwenye kichujio. Kama huoni kitu, kama yalivyo maji mengi ya lambo wakati wa masika, ni lazima kwanza yatuame kwenye ndoo usiku kucha, au yatiwe shabu, au unga wa mbegu za mlonge kwa wanaojua kuutumia.

Vitu vya kuwa navyo

- Kalibu ya chuma. Fundi wa kuchomelea anayefuata vipimo ataitengeneza, lakini ni ghali. Ulizia kwanza kama kuna kikundi cha jirani kinachoweza kuwaazima. Kalibu moja hutoa vichujio vingi.
- Saruji. Mfuko wa kilo 50 unatosha vichujio viwili na kidogo kubaki.
- Mchanga na kokoto, nyingi kuliko unavyodhani. Kinachotupwa wakati wa kuchekecha ni kingi.
- Machekeche manne: matundu ya milimita 12, 6, 1 na 0.7. Hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza. Wavu wa dirishani wa kuzuia mbu si badala yake, matundu yake ni makubwa mno.
- Bomba la plastiki lenye tundu la ndani la milimita 6, urefu wa kama mita moja.
- Bati au plastiki ngumu ya kutengenezea kisambazio (kile kipande chenye matundu kinachokaa juu ya mchanga), na mfuniko wa mbao.
- Mafuta ya kula, pima maji (kifaa cha kupimia usawa), karai, beleshi, nyundo ya mpira, ndoo, chupa ya lita moja, mtungi angavu wenye kifuniko.
- Klorini ya maji ya kunywa (WaterGuard au vidonge) na jiki isiyo na manukato kwa ajili ya bomba.
- Kwa kila kaya: ndoo ya maji safi yenye mfuniko na koki, tofauti na dumu la kuchotea.

Kaya ichangie kitu. Si lazima fedha. Kuchota mchanga au kuosha kokoto kunatosha. Kilichopokelewa bila jasho hugeuka kiti cha kuku haraka sana.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mchanga sahihi. Mzuri kuliko wote ni ule wa mawe yaliyosagwa, ule unaobaki kwenye mashine za kokoto. Hauna mizizi wala kinyesi cha ng'ombe, na chembe zake zina kingo kali. Ukikosa, chukua mchanga wa mtoni, lakini wa kingo za juu ambako mifugo hainywi, kisha uuanike juani hadi ukauke kabisa. Mchanga wa ufukweni uache. Una chumvi, chembe zake ni za mviringo, na watu wa Pwani wanajua nini kingine hufanyika ufukweni alfajiri.

2. Chekecha ukiwa mkavu. Mchanga mbichi huziba chekeche na utakuchosha bure. Kinachopita milimita 12 kikakwama kwenye 6 ni kokoto ya chini, yaani kokoto kubwa. Kinachopita 6 kikakwama kwenye 1 ni kokoto ya kutenganisha, yaani kokoto ndogo. Kilicho kati ya 1 na 0.7 weka pembeni kwa ajili ya plasta. Kinachopita 0.7 ndicho mchanga wa kuchujia; andaa kama lita 30 kwa kichujio kimoja, na za akiba. Hifadhi kila fungu kwenye gunia lake na uliandike.

3. Mwaga zege. Paka kalibu mafuta ya kula. Oili chafu ya gari ni marufuku, maana watu watakunywa maji yaliyolala humo. Funga bomba mahali pake, ncha zote mbili uzizibe kwa muda ili zege isiingie. Changanya saruji lita 12, mchanga lita 24, kokoto ndogo lita 12 na kokoto kubwa lita 12. Maji yaanzie lita 7, yasizidi 10. Fundi mwashi aliyezoea kujenga nyumba atataka kuongeza maji ili zege imwagike kwa urahisi. Mkatalie kwa heshima, kwa sababu zege ya majimaji huvuja. Jaza kidogo kidogo huku mtu mwingine akigonga kalibu pande zote kwa nyundo ya mpira ili mapovu yatoke.

Iache hadi kesho yake, ndipo uitoe kwenye kalibu. Kisha funika sanduku kwa magunia mabichi na ulimwagie maji kwa siku tano hadi saba. Mwishoni lijaze maji pomoni na uangalie. Likivuja kwa jasho dogo, paka ndani saruji iliyokorogwa nzito. Likivuja kwenye bomba, livunjwe. Inauma, lakini kulirekebisha likiwa sebuleni kwa mtu kunauma zaidi.

4. Osha kokoto, kisha mchanga. Kokoto osha hadi maji yawe meupe kabisa. Mchanga usiuoshe hivyo. Hapa ndipo wengi huharibu, tena wale wenye bidii zaidi. Mchanga uliooshwa kupita kiasi umepoteza chembe zake ndogo, maji hupita mbio, na vijidudu hupita nayo.

Fanya hivi. Tia mchanga kwenye ndoo, weka maji yazidi mchanga kidogo, zungusha kwa mkono, mwaga maji machafu. Rudia mara kadhaa. Kisha chukua mtungi angavu, tia konzi za mchanga na maji safi ya kiasi hichohicho, funga, zungusha, uweke mezani. Hesabu sekunde tatu au nne. Kama unauona uso wa mchanga kupitia maji yaliyo na ukungu kidogo, acha kuosha. Kama hapaonekani kitu, rudi kwenye ndoo. Kama maji yametakata kama ya mvua, umepitiliza; changanya na mchanga ambao haujaoshwa sana. Ukishaupata, andika uliuosha mara ngapi, ili gunia linalofuata kutoka shimo lile lile lisikusumbue.

5. Chagua mahali. Sanduku tupu lina zaidi ya kilo 70, na likijazwa halihamishiki. Liweke ndani au kwenye kivuli, juu ya sakafu iliyopimwa kwa pima maji, mbali na njia ya mbuzi, karibu na mama anapopikia. Mwulize yeye, usimwulize mwenye nyumba peke yake. Watu wanne wabebe, si wawili, na msitumie bomba kama mshikio.

6. Jaza, na maji yatangulie. Mimina maji ndani hadi nusu kabla ya kutia chochote. Tia kokoto kubwa sentimita 5, sawazisha. Tia kokoto ndogo sentimita 5, sawazisha. Kisha mwaga mchanga ndani ya maji, mfululizo, huku maji yakiwa juu ya mchanga wakati wote. Ukimwaga mchanga pakavu halafu ukaongeza maji, hewa hunaswa humo na kichujio kitagoma.

Tia kisambazio. Hili ni bati lenye matundu ya milimita 3 kila baada ya sentimita 2.5, linalokaa juu ya mchanga bila kugusa maji yaliyotuama. Kazi yake ni kuzuia maji yanayomiminwa yasichimbe shimo kwenye mchanga. Mimina maji, subiri bomba liache kudondosha, kisha pima kina cha maji yaliyobaki juu ya mchanga. Yawe sentimita 5. 4 hadi 6 inakubalika. Yakiwa mengi, ongeza mchanga. Yakiwa machache, punguza.

Kwa nini 5? Juu ya mchanga huota utando wa viumbe hai wadogo wanaokula vijidudu, na wanahitaji oksijeni inayopenya kwenye maji hayo. Maji yakiwa na kina kirefu wanakosa hewa, yakikauka wanakufa. Nadharia inaishia hapo.

7. Pima kasi. Jaza hadi juu kabisa, kinga chupa ya lita moja, washa saa ya simu. Lita moja isijae kabla ya dakika mbili na nusu. Ikijaa mapema zaidi, kichujio kina kasi ya hatari na mchanga ubadilishwe, hata kama mwenye nyumba anafurahia maji mengi. Endelea kumimina hadi maji yatoke angavu. Rangi ya maji ya kwanza ni vumbi la mchanga, haina neno.

8. Safisha bomba. Chomeka mpira mfupi kwenye mdomo wa bomba, uinue juu, umiminie kwa faneli lita moja ya maji yenye vijiko vitatu vidogo vya jiki, shikilia dakika mbili, kisha chomoa. Tupa maji yanayotoka kwa nusu saa ifuatayo. Hii ndiyo mara pekee jiki inasogelea kichujio. Juu ya mchanga usiweke klorini kamwe, wala maji yaliyokwisha kutiwa klorini. Utaua utando uleule unaoutegemea.

9. Fundisha kwa mikono yao. Usihutubie. Mwache mama, au mtoto mkubwa anayechota maji, amimine mwenyewe huku wewe ukinyamaza. Mambo ya kuhakikisha wameyashika ni haya:

- Kila siku angalau mara moja, kama lita 12 kwa mkupuo. Kisha kipumzike angalau saa moja kabla ya mkupuo mwingine, na kisikae zaidi ya siku mbili bila maji mapya.
- Chanzo kiwe kilekile kadiri inavyowezekana. Utando huzoea maji ya aina moja.
- Dumu la kuchotea lisikinge maji safi. Nimeona nyumba yenye kichujio kizuri, maji yakitoka angavu na kuingia kwenye dumu lenye ukoko wa kijani. Kazi yote imeishia hapo.
- Hakuna koki, hakuna mpira kwenye bomba. Koki huzuia maji, na mpira ulioning'inia huyavuta yote hadi mchanga ukauke.
- Maji yaliyochujwa yatiwe klorini kwenye ndoo kwa kipimo cha lebo, yafunikwe, yasubiri nusu saa kabla ya kunywewa.

Utakutana na bibi atakayekwambia, "Mjukuu wangu, maji haya tumekunywa toka enzi, mbona tupo?" Mpe shikamoo yake na usibishane. Mwombe tu aonje yote mawili siku hiyohiyo. Ladha ya maji yasiyo na tope imenisaidia kuliko mabango yote ya afya.

10. Mwezi wa kwanza. Utando huchukua hadi siku 30 kukomaa. Katika kipindi hicho maji yataonekana safi lakini hayajawa salama, kwa hiyo klorini au kuchemsha ni lazima bila mjadala. Baada ya hapo bado nashauri klorini iendelee, hasa kwa virusi ambavyo mchanga hauviwezi vyote. Kukiwa na kipindupindu wilayani, rudini kwenye ulazima.

11. Tembelea. Wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, kisha kila baada ya miezi michache. Nenda na rula na chupa ya lita moja. Angalia kina cha maji juu ya mchanga, kasi, kisambazio, na ndoo ya kuhifadhia. Andika kwenye daftari linalobaki kwa mhudumu wa afya, si kwenye simu yako.

Kikigoma

*Maji yanatoka polepole mno.* Lita moja ikifikia dakika kumi, tope limejaa juu ya mchanga. Toa kisambazio, hakikisha pana maji kama lita 4 juu ya mchanga, zungusha kiganja kwenye uso tu bila kuzama zaidi ya sentimita moja au mbili, kisha chota maji machafu kwa kikombe. Rudia hadi kasi irudi, sawazisha uso, rudisha kisambazio. Utando umejeruhiwa, kwa hiyo kwa siku kadhaa shika klorini kwa nguvu. Kama zoezi hili linahitajika kila wiki, tatizo ni maji yenye tope, yatuamishwe kwanza. Usikubali mtu atoe mchanga wote auoshe "uwe mpya".

*Hayatoki kabisa tangu siku ya kwanza.* Hewa imenaswa kwenye bomba au mchanga. Chomeka mpira mdomoni mwa bomba na usukume maji safi kurudi ndani polepole hadi mapovu yaishe.

*Yanatoka kwa kasi ghafla.* Angalia kisambazio. Mara nyingi kimeoza kwa kutu au kimeondolewa, na maji yamechimba shimo. Sawazisha, ongeza mchanga ule ule, weka bati jipya.

*Yana harufu mbaya.* Uliza kilipumzika siku ngapi. Familia ilisafiri kwenda msibani, ikarudi baada ya wiki mbili, utando umeoza. Mimina maji mara kadhaa kwa siku chache, maji hayo yatumike kufulia, kisha hesabu siku 30 upya. Kama harufu inabaki, pima kina cha maji juu ya mchanga. Kinaweza kuwa kimezidi.

*Mchanga unatoka na maji.* Kokoto ya kutenganisha ni kidogo au tabaka zimechanganyika. Hapa hakuna dawa ya juu juu, kifunguliwe na kijazwe upya.

*Kimehamishwa.* Nyumba imepakwa rangi, kichujio kikasukumwa kikiwa na kila kitu ndani. Mchanga umeshikana na kushuka, huenda na zege imepata ufa. Kagua chini kama kuna unyevu, pima kina na kasi. Kama kimoja kati ya hivyo hakiko sawa, toa vyote, rudi hatua ya 6, na safari hii mwachie mwenye nyumba beleshi.